Kabla wazee hawajatutoka: tulichojifunza kwa Profesa Kimambo

Ndugu wazawa na marafiki wa Singida,

Kila anayekwenda kutazama mpira pale mjini hulitaja jina la Liti. Uwanja uliokuwa Namfua sasa unaitwa hivyo, kwa heshima ya mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Waulize vijana jukwaani alikuwa nani. Wengi watakutajia nyuki waliowavamia askari, na hadithi itaishia hapo.

Hatuwalaumu. Anayetaka kusoma zaidi huelekezwa kwa mgeni, Marguerite Jellicoe, aliyechapisha makala juu ya upinzani wa Wanyaturu mwaka 1969, na mwaka 1978 akatoa kitabu kuhusu Wahi. Tunamshukuru sana. Lakini vyote viwili ni vya Kiingereza, na shuleni kwetu havipo.

Ndiyo maana mwaka huu tumeona tumkumbuke marehemu Profesa Isaria Kimambo, ingawa hakuwa wa kwetu, alikuwa Mpare. Mwaka 1963 profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza kwamba Afrika haina historia ila ya Wazungu waliofika huku. Kimambo alikuwa kijana wa rika la kuumizwa na maneno hayo. Alirudi Upare, akakaa na wazee wa koo, akasikiliza, akalinganisha simulizi za huku na za kule, na kazi hiyo ikampatia shahada ya udaktari Marekani. Ilitoka kama kitabu mwaka 1969. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyosomwa na wanafunzi wengi nchini.

Hakukomea kwa watemi wa kale. Aliandika pia juu ya Mbiru, pale Wapare kwa maelfu walipoandamana hadi Same mwaka 1945 kuikataa kodi mpya ya mkoloni. Kwa serikali ile hiyo ilikuwa fujo. Kimambo alionyesha kwamba watu wale walijua wanachokikataa na kwa nini.

Idara yake ya historia pale Dar es Salaam ilifanya jambo jingine lililotugusa. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji. Ilikuwa imepita miaka 63, na bado walikuwapo walioiona vita ile kwa macho yao.

Sisi tumechelewa. Walioiona vita ya Liti wamekwisha. Wamebaki wachache waliosimuliwa na walioiona. Mwaka jana tulipanga kumrekodi bibi mmoja aliyejulikana kwa simulizi hizo. Tukasema tungoje mavuno yaishe. Tulipofika, tulikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa matanga.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu itanunua vinasa sauti na kulipa nauli za vijana wetu walioko vyuoni, ili likizo wakae na wazee, Unyaturu na Iramba. Mazungumzo yatarekodiwa kwa lugha ya mzee mwenyewe, kisha yaandikwe kwa Kiswahili na nakala zipelekwe shuleni. Unaponunua kadi yako, mwandikie mhazini jina la mzee unayemfahamu na kijiji chake. Safari hii hatungoji mavuno.