Mlinzi wa Ufuo wa English Bay
Mwaka 1885 alifika Vancouver, mji wa Kanada ulio ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, baharia mweusi mzaliwa wa visiwa vya Karibi, Joe Fortes, ambaye, ingawa hakuwa na mali wala jaha, alijaaliwa ustadi wa kuogelea na moyo wa huruma. Katika kijumba chake kando ya ufuo wa English Bay aliishi miaka mingi, akiwafunza watoto kuogelea na kuwaopoa waliokaribia kughariki, hata baraza la mji likamwajiri rasmi. Alipofariki mwaka 1922 umati mkubwa ulihudhuria maziko yake. Na mwaka 1927 akajengewa bilula ya maji ya kunywa, fupi kwa kimo cha mtoto, ili ihsani yake isikatike.