Soga za Wasomaji: Historia ya Mazungumzo Yasiyo Rasmi Kuhusu Riwaya ya Kiswahili

Historia ya riwaya ya Kiswahili imeandikwa zaidi kama historia ya waandishi. Shaaban Robert huwekwa mwanzoni, Muhammed Said Abdulla humfuata, kisha Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Adam Shafi na wengineo hupangwa kwa miaka ya kuchapishwa kwa kazi zao. Msomaji huonekana katika historia hiyo kwa sura mbili tu: mhakiki wa chuo kikuu au mwanafunzi wa mtihani. Aliyemaliza kitabu juzi akamwambia jirani yake, “Hebu kisome, halafu uniambie kama yule mwanamke alistahili yaliyompata”, hana sura yake katika vitabu vya historia. Makala hii inamfuata msomaji huyo. Inadai kwamba soga zake, ingawa hazikuandikwa, ndizo zilizoiwezesha riwaya ya Kiswahili kuishi nje ya darasa, na kwamba mipango ya sasa ya kueneza Kiswahili katika nchi jirani na Kenya na Tanzania haijazipa nafasi.

Ushahidi wa soga ni haba kwa asili yake. Mtu akizungumza barazani hatunzi kumbukumbu. Hata hivyo, alama zake hubaki: amri ya kupiga kitabu marufuku, jina la mhusika linalogeuka kuwa lakabu ya mtaani, mfululizo wa riwaya unaoendelea kwa sababu kuna watu wanaomsubiri shujaa wake. Alama hizo ndizo zinazofuatwa hapa.

Baraza na gazeti

Riwaya iliwakuta Waswahili wakiwa na desturi ya kusoma kwa pamoja. Tenzi zilighaniwa mbele ya wasikilizaji, na barua ilisomwa kwa sauti na yule ajuaye kusoma huku wengine wakitia neno. Jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliichukua desturi hiyo likaiweka kwenye karatasi. Wasomaji waliandika barua na kutunga mashairi, wakajibizana toleo baada ya toleo. Malumbano hayo yalihusu zaidi lugha, mila na ushairi. Tafsiri za riwaya za Kiingereza zilizotolewa miongo hiyo, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani, zililetwa kwanza kwa ajili ya shule, na uteuzi wake ulifanywa na watu ambao hawakuwa wasomaji wake.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Bwana Msa. Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957–58 yaliyoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata ushindi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikachapishwa mwaka 1960. Wahakiki wamekwisha kueleza deni lake kwa hadithi za upelelezi za Kiingereza, na hakuna haja ya kurudia hapa. Kinachostahili kutazamwa ni namna riwaya hiyo inavyomwandaa msomaji kuzungumza. Mwili wa Bwana Ali unapokutwa mahali pa mzimu, kila mtu katika hadithi ana kauli yake kuhusu kilichomuua. Bwana Msa na kiko chake husikiliza, huuliza, hunyamaza. Pembeni yake yupo Najum, rafiki anayeona yale yale anayoyaona Bwana Msa lakini hayafumbui. Najum ni msomaji aliyeingizwa ndani ya kitabu: hukisia, hukosea, huuliza tena. Watu wawili walioufikia ukurasa mmoja wa kitabu cha namna hiyo hawawezi kukutana bila kuulizana nani muuaji, na aliyekwisha kumaliza hulazimika kuuzuia ulimi wake. Fumbo ni mwaliko wa gumzo. Jamii iliyolelewa kwa vitendawili na mafumbo ya mashairi haikuhitaji kufundishwa jinsi ya kuuitikia mwaliko huo.

Bwana Msa alidumu: Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, na vingine vikaendelea hadi miaka ya 1980. Mwandishi haendelezi mhusika kwa zaidi ya miaka ishirini pasipo kuwa na watu wanaomuulizia.

Rosa na waliokatazwa kumsoma

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam karibuni, alichapisha Rosa Mistika. Riwaya inamhusu msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali na mlevi, ambaye ukali wake dhidi ya wanaume ulimnyima binti nafasi ya kujifunza kuishi nao. Rosa anapoondoka nyumbani kwenda shule, hana alichofundishwa zaidi ya hofu. Mimba, utoaji mimba, walimu wanaowanyemelea wanafunzi, na kujiua vimo katika kitabu waziwazi. Kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania.

Marufuku hiyo husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mwandishi jasiri na wakubwa waoga. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanaliacha swali muhimu zaidi: wakubwa waliogopa nini hasa? Mambo aliyoyaeleza Kezilahabi hayakuwa siri. Kila mzazi, mwalimu na mwanafunzi wa bweni aliyajua. Yalizungumzwa kwa kunong’ona, kila kundi peke yake: wasichana kwa wasichana, wazazi kwa wazazi. Kitabu kiliyaweka katika lugha moja iliyoweza kusomwa na wote, na darasa lingewalazimisha mwalimu na mwanafunzi wake kuyajadili wakiwa wameketi chumba kimoja. Kilichoogopwa ni mazungumzo hayo. Ukurasa wenyewe usingemdhuru mtu.

Amri ya shule haina nguvu juu ya mkono unaompa rafiki kitabu. Baadaye kizuizi kiliondolewa na riwaya ikaingia madarasani, ikabaki miongoni mwa kazi zinazojulikana mno za Kiswahili. Swali ambalo Rosa Mistika huliacha kwa wasomaji si la kitaaluma hata kidogo. Je, wa kulaumiwa ni baba au binti? Kezilahabi mwenyewe aliliacha wazi kwa makusudi, hata akaipeleka kesi mbinguni mbele ya Mungu. Mama wa nyumbani anaweza kulijibu kwa hoja zenye uzito kuliko za mhitimu wa fasihi, kwa kuwa amewalea mabinti.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za mwandishi huyo huyo. Ni vitabu vifupi, vyenye fikra nzito na usimulizi uliovunjwavunjwa, na vimezaa tasnifu na makala nyingi. Soga, hata hivyo, vimezaa chache. Hilo halivipunguzii thamani, ila laonyesha kwamba sifa katika majarida ya kitaaluma na uhai katika vinywa vya watu ni mambo mawili yanayoweza kwenda njia tofauti kabisa.

Upande wa pili wa jambo hilo ni riwaya iliyoitwa “pendwa”. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965 alifungua mlango ambao Elvis Musiba na Ben Mtobwa waliupanua. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa walijulikana kwa majina yao kama wanavyojulikana wachezaji wa mpira. Wahakiki waliigawa riwaya katika “dhati” na “pendwa”, wakaishughulikia zaidi ya kwanza. Wasomaji hawakuuzingatia mgawanyo huo. Kwao mtu aliweza kumsoma Gamba Jumamosi na Shaaban Robert Jumapili, na akawa na la kusema kuhusu wote wawili. Mgawanyo wa wahakiki una manufaa yake kama chombo cha uchambuzi, lakini uliwafanya wataalamu wawe viziwi kwa miongo kadhaa wakati mazungumzo makubwa zaidi kuhusu riwaya ya Kiswahili yakiendelea nje ya dirisha lao.

Mtihani

Nchini Kenya historia ilipinda kwa namna nyingine. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa, na riwaya teule zikawa zikisomwa na kizazi kizima kwa wakati mmoja. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Siku Njema ya Ken Walibora (1996), kisha Kidagaa Kimemwozea ya Walibora huyo huyo na Chozi la Heri ya Assumpta Matei zilipata wasomaji ambao hakuna mashindano wala tuzo ingaliweza kuwaleta. Mtu wa Kitale na mtu wa Kwale waliosoma miaka ile ile wanaweza kukutana na kuzungumza kuhusu Kongowea Mswahili kana kwamba walisoma naye.

Faida hiyo haipaswi kubezwa. Hata hivyo, mtihani ulileta na lugha yake ya kuzungumzia vitabu: taja, eleza, fafanua, kwa kutoa mifano. Biashara ya miongozo ilistawi, na mwongozo hujibu maswali kabla msomaji hajapata nafasi ya kuyauliza. Kidagaa Kimemwozea ni mfano wenye kinaya. Ndani yake Mwalimu Majisifu anaiiba miswada ya kijana Amani na kuitoa kama kazi yake. Ni riwaya inayouliza nani ana haki ya kumiliki maneno ya mwingine, na imesomwa na maelfu ya wanafunzi kupitia majibu yaliyoandikwa na watu wengine. Ajabu ni kwamba soga hazikufa hata hapo. Wahusika wenye majina kama Nasaba Bora na Majisifu ni rahisi kuhamishwa kutoka kitabuni hadi kwa chifu au mwalimu wa jirani, jambo ambalo mwongozo hauwezi kulifundisha wala kulizuia.

Nchi jirani na swali la Peponi

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni, miaka kumi na saba baada ya kutajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Mipango inayofuata maamuzi kama haya huzungumzia walimu, mitaala na vitabu vya kiada. Yote yanahitajika. Lakini nchini Uganda lugha hii ilijulikana kwa muda mrefu kama lugha ya jeshi na polisi, na mtu haachi kuiogopa lugha kwa kutahiniwa ndani yake. Huacha kuiogopa anapoweza kubishana kwayo kuhusu jambo lisilo na alama wala adhabu. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, una mabaraza yasiyohitaji kuundwa na wizara yoyote. Unachokosa ni vitabu vya kutosha vinavyofika huko kwa bei inayolipika. Maktaba ndogo yenye nakala kumi za riwaya moja, zinazoweza kuazimwa na watu kumi wanaofahamiana, ingeleta mazungumzo mengi kuliko nakala moja moja ya vitabu mia. Bajeti za ununuzi wa vitabu hupangwa kwa kuhesabu majina, na kwa hiyo hupendelea njia ya pili.

Nafasi ya kulijaribu hilo ipo. Mwaka 2022, baada ya Abdulrazak Gurnah kutunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, Mkuki na Nyota walichapisha Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, anasafiri na msafara kutoka pwani hadi bara. Wafanyabiashara wa msafara huo wanawatazama watu wa bara kwa dharau, na Gurnah anaionyesha dharau hiyo bila kuipamba. Msomaji wa Unguja anaweza kuisoma safari ile kama kumbukumbu chungu ya babu zake. Msomaji wa Kigali, Kampala au Bujumbura yupo upande ule ambao msafara unauendea, na lugha inayomfikishia hadithi hiyo ndiyo iliyofika kwake pamoja na misafara. Atakachomwambia jirani yake akikifunga kitabu bado hakijasikika katika makongamano ya Kiswahili, na hakuna mwongozo uliokwisha kuandikwa wa kumwelekeza aseme nini.