Mashudu si pumba

Katika maduka ya pembejeo ya Kitui na Wote, magunia mawili husimama bega kwa bega na mteja huyaita yote “chakula cha ng’ombe”. Pumba ni maganda ya nafaka iliyokobolewa. Hutia nguvu kuliko zinavyotia protini. Mashudu ni yanayobaki mbegu za pamba, alizeti au ufuta zikishakamuliwa mafuta. (Nazi iliyokunwa ikishakamuliwa tui hubakiza machicha, na Mpwani hatakusamehe ukichanganya.) Protini hubaki ndani ya mashudu, ndiyo maana bei yake huuma.

Basi anayenonesha fahali wa kuuza hutafuta mbadala: maganda ya mbaazi na ndengu, mazao yasiyokosekana Ukambani, maganda ya migunga, hata yurea. Mbolea hii ina asilimia 46 ya naitrojeni lakini si protini. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng’ombe ndivyo huigeuza kuwa protini, mradi vipate wanga wa kutosha. Hapo pumba hurudi kwa heshima. Yurea ikizidi kipimo huua, tena upesi. Ndama ambaye hajaanza kucheua asipewe kabisa.