Anayepanga Meza za Soko: Wauzaji Wadogo wa eBay na Etsy

Mauzo yanapodorora katika soko la mtandaoni, lawama ya kwanza humwangukia muuzaji mwenyewe: picha zake hazivutii, bei yake haiuziki, hajui kujitangaza. Lawama ya pili huangukia hali ngumu ya uchumi. Zote mbili zina ukweli wake, ila historia ya masoko mawili ya Marekani, eBay na Etsy, inaonyesha sababu ya tatu iliyo nzito zaidi. Sokoni, anayepanga meza ndiye anayeamua nani apate wateja wa asubuhi na nani asubiri jioni. Katika masoko haya ya mtandaoni, mpangilio wa meza ulianza ukiwa kanuni inayofahamika na kila mtu, ukageuka kuwa siri ya mwenye soko, na hatimaye nafasi ya mbele ikawa kitu cha kuuziwa muuzaji. Hoja ya makala haya ni kwamba badiliko hilo ndilo lililomwondolea muuzaji mdogo uwezo wa kujinusuru biashara inapolala.

eBay ilianza Septemba 1995 huko San Jose, California, Pierre Omidyar alipofungua tovuti ya minada aliyoiita AuctionWeb. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa humo kilikuwa kifaa cha mwanga wa leza, tena kibovu, kilichopata dola 14.83. Mnada una saa yake, na saa hiyo ndiyo iliyopanga bidhaa: mnada uliokaribia kufungwa ulikaa juu ya orodha. Aliyeuza sahani moja ya kale na aliyeuza mia moja kwa wiki, kila bidhaa yao ilifikiwa na zamu ya kuonekana. Mwaka 2008, John Donahoe aliposhika uongozi kutoka kwa Meg Whitman, utaratibu huo uliwekwa kando. Orodha ikaanza kupangwa na programu iliyopima mambo mengi kwa pamoja, yakiwemo maoni ya wateja kuhusu muuzaji. Ada ya kuweka bidhaa ilipunguzwa, lakini kamisheni ya mauzo ikapanda. Wauzaji wakazuiwa kuandika maoni mabaya kuhusu wanunuzi, huku wanunuzi wakiendelea kuwa na haki hiyo dhidi yao. Mwezi Februari mwaka huo baadhi ya wauzaji waligoma kwa wiki nzima, lakini mabadiliko hayakurudishwa nyuma. Mwaka huohuo kampuni ya Buy.com iliruhusiwa kuingiza mamilioni ya bidhaa kwa masharti maalumu, na muuzaji mdogo akajikuta akishindana na mgeni ambaye hakulipa ushuru uleule anaolipa yeye.

Wengi waliochoshwa na mwenendo huo walikimbilia Etsy, iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 2005 na Rob Kalin na wenzake kwa ajili ya kazi za mikono na vitu vya kale. Humo nako mwanzoni kanuni ilikuwa nyepesi: bidhaa iliyowekwa karibuni ndiyo ilitangulia. Aliyetaka kurudi juu alilipa tena senti 20 za kuweka bidhaa upya. Hapa msomaji anaweza kupinga kwamba nafasi ya mbele iliuzwa tangu zamani, kwa hiyo hakuna jipya. Ni kweli iliuzwa, lakini bei yake ilikuwa moja kwa wote, ilijulikana kabla ya kulipa, na kila muuzaji aliona kwa macho yake alichokilipia. Mwaka 2011 mpangilio wa wakati ukaachwa, ukachukuliwa na programu inayokisia bidhaa itakayomfaa mnunuzi. Kuanzia hapo mabadiliko yakafuatana. Mwaka 2013 wauzaji waliruhusiwa kutengenezesha bidhaa viwandani, na mwaka 2015 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwa umma. Kamisheni, iliyokuwa asilimia 3.5, ilipanda hadi 5 mwaka 2018. Mwaka 2019 maduka yasiyotoza usafirishaji kwa manunuzi ya dola 35 na zaidi yakapewa kipaumbele mbele ya wanunuzi wa Marekani. Mwaka 2020 ukaja mpango wa matangazo ya nje ya tovuti: tangazo likileta mteja, muuzaji hukatwa asilimia 15 ya mauzo hayo, na yule aliyewahi kuvuka dola 10,000 kwa mwaka hukatwa 12 bila ruhusa ya kujitoa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la janga la UVIKO-19. Kati ya mwisho wa 2019 na mwisho wa 2020, wauzaji wa Etsy waliongezeka kutoka milioni 2.7 hadi milioni 4.4, na wanunuzi kutoka takriban milioni 46 hadi milioni 82. Watu walipotoka majumbani, ilikuwa lazima biashara ipungue, na wauzaji wagawane mauzo machache. Hilo halina ubishi. Lakini tazama hesabu za kampuni yenyewe, pamoja na masoko mengine iliyoyamiliki wakati huo. Mwaka 2021 bidhaa zilizouzwa zilikuwa na thamani ya dola bilioni 13.5, nayo kampuni ikapata mapato ya takriban bilioni 2.3. Mwaka 2023 mauzo yalishuka hadi bilioni 13.2, lakini mapato ya kampuni yalipanda hadi takriban bilioni 2.7. Kama janga na uchumi ndiyo maelezo yote, mwenye soko naye angepungukiwa. Badala yake, fungu lake lilikua kutoka karibu senti 17 za kila dola hadi karibu senti 21, kwa ada iliyofikishwa asilimia 6.5 mwaka 2022 na kwa matangazo. Mauzo yalipopungua, hitaji la kuonekana liliongezeka, na kuonekana ndiko kulikouzwa.

Mtetezi wa kampuni atasema kwamba mamilioni ya bidhaa hayawezi kupangwa kwa saa tu, na kwamba mnunuzi hufaidika anapoonyeshwa anachokitafuta. Nakubali. Programu ya kupanga ina kazi yake, na soko lina gharama za kuzuia ulaghai na kuleta wateja. Kasoro ni mtu kupoteza kipato bila kuelezwa ni kigezo gani kilichomshusha. Wala haiwezi kusemwa kwamba uwazi hauwezekani: kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2020 inayalazimu masoko ya mtandaoni kutaja vigezo vikuu vya mpangilio, kusema kama malipo yanabadili nafasi, na kutoa taarifa angalau siku 15 kabla ya kubadili masharti.

Mwezi Aprili 2022 maelfu ya wauzaji wa Etsy walifunga maduka yao kwa wiki moja kupinga ada mpya. Ada ilibaki pale pale, ila mgomo huo ulizaa chama chao, Indie Sellers Guild. Wengine walijenga tovuti zao na kuanza kutunza orodha ya wateja wao wenyewe, na historia inawapa haki. Hata kwetu, soko la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa 2019, aliyetegemea soko hilo pekee alibaki na bidhaa bila mlango wa kuuzia. Muuzaji mdogo atumie masoko haya, lakini asiyaachie wateja wake wote. Na watunga sheria wa Afrika Mashariki waidai kanuni ya uwazi mapema, kabla masoko hayajawa makubwa kiasi cha kutosikiliza mtu.