Upimaji wa mwendo wa chuma

Upimaji wa mwendo wa chuma katika mchezo wa kunyanyua uzito ni kufuatilia mstari unaopitiwa na chuma kutoka sakafuni hadi juu, ili kuona kama mnyanyuaji anaurudia uleule kila mara. Katika mashindano ya kimataifa chuma cha wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kina kilo 15 na mita 2.01.

Kwa wanaofanya mazoezi kujifurahisha, simu inatosha. Huwekwa ubavuni mwa mnyanyuaji bila kusogezwa, na isiwe karibu sana, maana picha hupotosha umbali. Kisha ncha ya chuma huwekewa alama picha kwa picha, kwa mkono au kwa programu ya bure kama Kinovea. Pleti kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo hutumika kama rula ndani ya video. Pleti za saruji iliyomwagwa kwenye makopo, zinazoonekana katika jimu za mitaani Tanzania, lazima zipimwe kwanza kwa futi kamba, na kwa mizani pia: upande mmoja ukizidi uzito chuma huinama, na mtu hulaumiwa kwa kosa la pleti.

Kunyanyua mara moja hakuonyeshi kitu. Hurekodiwa mara kadhaa kwa uzito uleule, ndipo hulinganishwa jinsi chuma kilivyoachana na mstari wima. Tofauti zikiwa ndogo, mwendo ni thabiti. Lakini uthabiti si usahihi, kwani mtu aweza kurudia kosa lilelile mara kumi. Kamera moja ya ubavuni pia haioni kama mkono wa upande wa pili umechelewa.