Jina la Ramazani katika Maniema: Asili Yake na Njia Lilizopita

Katika jimbo la Maniema, tangu Kasongo upande wa kusini hadi Punia, kaskazini ya Kindu, jina la Ramazani huitwa kanisani kama liitwavyo msikitini. Wako wanaodai kwamba kila mwenye jina hilo ana damu ya Mwarabu, nao hujivunia jambo hilo. Wako pia wanaolihesabu kuwa alama ya ugeni. Madai hayo mawili, ijapokuwa yanapingana, yamejengwa juu ya msingi mmoja: kwamba jina hufuata damu. Historia ya jina lenyewe yaonyesha vingine.

Asili ya neno haina ubishi. Ni mwezi wa tisa wa kalenda ya Kiislamu, ambao Kiswahili cha pwani huuita Ramadhani. Ilikuwa desturi ya pwani kumwita mtoto kwa siku au mwezi aliozaliwa. Ndivyo walivyopatikana akina Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani. Majina ya namna hii hayakuwa ya ukoo. Yafaa kuyalinganisha na jina la Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip: hapo «bin» humtaja baba, na «el Murjebi» hutaja nasaba yenye asili yake Oman. Ramadhani halitaji nasaba yoyote.

Jina hilo liliingia Maniema kwa njia ya misafara, iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kukaa huko. Miaka michache baadaye Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Hata hivyo, Waarabu wenyewe walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa wapagazi, askari, watumwa na wenyeji walioshika mavazi, lugha na majina ya pwani, wakaitwa waungwana. Wengine walijiunga kwa hiari. Wengine walitekwa, wakapewa majina mapya pasipo kuulizwa. Kwa hiyo Ramazani wa kwanza katika ukoo fulani aweza kuwa mtu wa pwani, au mwenyeji aliyesilimu, au mtoto aliyenyang'anywa jina alilopewa na mama yake. Jina peke yake haliwezi kutuambia ni yupi kati yao.

Safari hiyo imeacha alama katika matamshi. Sauti ya «dh» haimo katika Kiswahili cha Maniema, ambacho zamani kiliitwa Kingwana; mahali pake hushikwa na «z». Dhahabu huwa zahabu, dharau huwa zarau, na Ramadhani huwa Ramazani. Hapana haja ya kuitafuta «z» hiyo Uajemi wala Uturuki, ambako pia husikika, maadamu kanuni hiyohiyo yatawala maneno ya kila siku. Vilevile «h» ya mwanzo imedondoka: Hamisi amekuwa Amisi, Hassani amekuwa Asani. Ni majina yaliyopokewa kwa sikio kabla ya kuandikwa. Baadaye kalamu ya ofisi za Wabelgiji iliongeza alama yake, ikaandika Djuma na Radjabu kwa tahajia ya Kifaransa.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa watu wa Unguja katika Maniema, lakini majina yalibaki. Hata mbali na vituo vya kale, katika Punia ya Wakumu na Warega, ambako machimbo ya bati yalikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, majina ya kingwana yamekuwa ya wote. Mengine yalirudi mashariki pamoja na Wamanyema waliohamia Ujiji na Tabora.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1972, siasa ya uhalisi ya Mobutu ilipokataza majina ya ubatizo. Akina Joseph na Pierre walilazimika kuyaweka kando. Jina la Ramazani likaendelea kubebwa. Jina lililotoka Uarabuni lilikuwa limekwisha kuzoeleka kama jina la nyumbani. Leo tabaka hizo huonekana kwa pamoja katika jina moja, kama lile la Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kasongo aliyegombea urais mwaka 2018: la ubatizo, la misafara, na jingine la tatu.

Kwa hiyo, amwitaye Ramazani wa Punia mgeni kwa sababu ya jina lake hukosea, sawa na yule ajitafutiaye babu wa Oman kwa sababu hiyo hiyo. Jina hilo ni hati ya njia, wala si hati ya nasaba. Atakaye kujua nasaba hana budi kuwauliza wazee wa ukoo wenyewe, tena mapema, kabla kumbukumbu hazijazikwa pamoja nao.