Bahari Haimngoji Mchoraji: Claude Monet Pwani, 1868–1888

Utangulizi

Katika semina moja ya uhakiki, mwenzetu mmoja alitakiwa kuchambua shairi linalosifu bahari. Alisimama, akasifu vina na mizani, kisha akahitimisha kwamba shairi lile lina fani lakini halina maudhui. Sababu yake? Hamna mtu ndani yake, hamna mgogoro, hamna tabaka. Darasa likacheka, likakubali, tukahamia kwenye riwaya. Nami nilikubali. Ila hukumu ile imenikaa kooni tangu siku hiyo, maana kama ni ya haki, basi wachoraji wote wa mandhari nao wamehukumiwa bila kusikilizwa.

Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo kwa kumtazama mchoraji mmoja, Mfaransa Claude Monet (1840–1926), na upande mmoja tu wa maisha yake: vile vipindi alivyokwenda kukaa pwani kufanya kazi. Najua wapo watakaouliza, mchoraji wa Kizungu anatafuta nini katika jarida la wahakiki wa fasihi? Jibu langu ni kwamba swali la fani na maudhui si mali ya fasihi peke yake. Tena wakati mwingine ni rahisi kuliona kosa letu tunapolitazama katika kazi ya jirani. Hoja ninayoitetea ni hii: picha isiyo na mtu inaweza kuwa imebeba jasho la watu, deni, biashara na hatari, na mhakiki asiyeuliza ilifanywaje hawezi kudai kwamba haina kitu.

Rangi, reli na mchanga

Tuanze na historia. Monet alizaliwa Paris lakini alikulia Le Havre, mji wa bandari katika pwani ya Normandie. Huko ndiko alikokutana, akiwa bado kijana, na mchoraji Eugène Boudin, mtu aliyekuwa na mazoea ya kubeba vifaa vyake na kuchorea nje, mbele ya bahari yenyewe. Boudin alimtoa kijana yule ndani ya nyumba.

Lakini tusidanganyike kwamba kuchorea nje kulitokana na mapenzi ya hewa safi tu. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alipata hataza ya mrija wa bati laini wa kutilia rangi ya mafuta. Kabla ya hapo wachoraji walihifadhi rangi katika vifuko vya kibofu cha nguruwe, vitu vya kupasuka na kukauka upesi. Mwaka 1847 reli kutoka Paris ilifika Le Havre. Kwa maneno mengine, mchoraji wa mandhari aliyefika ufukoni na rangi zake mfukoni alikuwa zao la kiwanda na la garimoshi. Hapo tu, kabla hajachora wimbi moja, historia imeshaingia.

Ushahidi kwamba Monet alikaa ufukoni kweli hauko katika barua tu. Picha yake ya ufuko wa Trouville ya mwaka 1870, ambayo imehifadhiwa National Gallery mjini London, ina chembe za mchanga zilizonasa ndani ya rangi. Upepo ulizirusha, rangi ikazikamata, na zimo mpaka leo. Mchanga ule haukuwa sehemu ya mpango wa msanii, lakini unatueleza alikuwa wapi.

Ratiba ya bahari

Tangu majira ya baridi ya 1868–69 Monet alikuwa ameshakaa Étretat, kijiji cha wavuvi chenye majabali meupe ya chokaa yaliyotobolewa na bahari hata yakawa matao. Alirudi mara nyingi katika miaka ya 1880. Mwaka 1882 alikuwa Pourville, mwanzoni mwa 1883 Étretat, 1884 Bordighera katika pwani ya Italia, 1885 Étretat tena, 1886 kisiwa cha Belle-Île, 1888 Antibes. Nyumbani kwake, Giverny, alikohamia mwaka 1883, Alice Hoschedé alibaki na watoto wanane, wake na wa Monet, akipokea barua karibu kila siku.

Barua hizo zina wimbo mmoja: nitachelewa. Bordighera alikwenda kwa wiki tatu hivi, akakaa karibu miezi mitatu. Belle-Île alifika tarehe 12 Septemba 1886 akiwa na nia ya kukaa wiki mbili tu, akaondoka mwishoni mwa Novemba. Wengine watasema huyu jamaa alikuwa mtoro wa nyumbani. Huenda alikuwa na sababu zake. Lakini katika pwani za Normandie na Bretagne ipo sababu ambayo msomaji aliyekulia Bagamoyo au Lamu ataielewa upesi kuliko profesa wa Paris.

Hebu tufikiri. Mchoraji anataka jabali likiwa limepigwa na jua la asubuhi, na maji yakiwa yamekupwa ili mawe ya chini yaonekane. Leo amevipata vyote viwili. Kesho, saa ile ile, maji yatakuwa yamechelewa kwa kiasi cha dakika 50. Keshokutwa yatazidi kuchelewa. Baada ya siku chache jua lipo palepale lakini mawe yamefunikwa. Itambidi angoje kiasi cha wiki mbili ndipo saa ya jua na saa ya maji zikutane tena, kama mvuvi wetu anavyongoja bamvua irudi baada ya maji mafu. Na siku hiyo ikifika huku mvua inanyesha, basi tena! Wiki mbili nyingine. Upande wa Bordighera hoja hii haisaidii, kwa kuwa Mediterania haipwi kwa kiasi cha kutajika; kule kilichomsumbua ni mwanga na ile mitende aliyoiona migumu kuchora. Lakini Étretat na Belle-Île bahari ndiyo iliyopanga ratiba, na mchoraji alifuata.

Alifanyaje basi? Alianza kuchora picha nyingi kwa mpigo. Turubai moja ya maji kujaa, nyingine ya maji kupwa, hii ya mawingu, ile ya jua. Hali ikibadilika anaweka hii chini, anachukua ile. Mwandishi Guy de Maupassant, aliyemwona akifanya kazi Étretat, aliandika katika gazeti la Gil Blas mwezi Septemba 1886 kwamba mchoraji huyu alitembea akifuatwa na watoto waliombebea turubai tano au sita za mahali palepale katika saa na hali mbalimbali.

Hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Monet anajulikana kwa mifululizo yake: mashuke ya nafaka yaliyorundikwa (1890–91), mipopla (1891), kanisa kuu la Rouen (1892–94). Wahakiki huisifu mifululizo hiyo kama wazo kubwa la kifalsafa kuhusu wakati. Sawa. Lakini wazo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Miaka kadhaa kabla yake lilikuwa mbinu ya mtu anayehangaika na maji yanayojaa na kupwa. Kwanza ilikuja shida ya kazi, kisha njia ya kuikabili, na falsafa ikafuata nyuma.

Na bahari haikuwa mwalimu mpole. Tarehe 27 Novemba 1885 Monet alikuwa chini ya Manneporte, tao kubwa kuliko yote ya Étretat. Alikuwa ameamini kwamba maji yanapwa, kumbe alisoma vibaya jedwali la maji, yalikuwa yanajaa. Wimbi likamtupa kwenye jabali, likamburura pamoja na vifaa vyake. Alimwandikia Alice kwamba alidhani amekwisha. Alitoka akitambaa, amelowa chapachapa, kibao cha rangi kimempiga usoni na ndevu zimejaa buluu na manjano. Picha aliyokuwa akiichora ilikwenda na maji. Kinachonishangaza si ajali yenyewe, bali kwamba katika barua hiyo hiyo hasira yake kubwa ni ya kazi aliyopoteza.

Poly na mizigo

Twende Belle-Île, kisiwa kilichoko kusini mwa Bretagne. Monet alipanga katika kijiji kidogo cha Kervilahouen, karibu na upande wa kisiwa unaoitwa Côte Sauvage, yaani pwani ya mwitu: mawe meusi yaliyochongoka, na bahari ya Atlantiki ikiyapiga bila kupumzika. Alizoea majabali meupe; haya yalimtisha na kumvuta.

Mwandishi wa habari Gustave Geffroy, aliyekutana naye hapo kijijini kwa bahati tu na baadaye akawa rafiki yake wa maisha, aliacha maelezo ya mchoraji akifanya kazi katika upepo, vifaa vimefungwa kwa kamba na kukandamizwa kwa mawe visipeperushwe. Turubai, rangi, mwavuli, kamba: nani aliyebeba vyote hivyo mpaka kwenye ncha za majabali? Alibeba Hippolyte Guillaume, mvuvi wa kijijini, ambaye kila mtu alimwita Poly. Poly alijua njia za kushukia. Alijua upepo unageuka lini. Mvuvi wa pwani ya mwitu ndiye aliyekuwa chuo cha mgeni yule, na kazi yake ilikuwa ya ujira.

Monet aliondoka na picha karibu 40. Nyingi kati ya hizo hazina mtu hata mmoja, wala mashua, wala nyumba. Ni mawe na maji. Lakini mwezi Novemba, mvua ikiwa imemzuia kutoka, alimketisha Poly akamchora: kofia, ndevu, macho ya mtu aliyezoea kukodolea mbali. Picha hiyo hakuiuza. Alibaki nayo, na sasa iko katika makumbusho ya Marmottan mjini Paris.

Biashara nayo haikukosekana. Mfanyabiashara wa picha, Paul Durand-Ruel, alikuwa ametikiswa tangu benki iliyomsaidia ilipoanguka mwaka 1882. Yeye aliona kwamba Monet ni mchoraji wa jua na kwamba pwani ile ya giza haitamfaa. Monet alimjibu kwamba msanii hapaswi kung'ang'ania sauti moja tu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba. Yeye alisema akiwa na familia kubwa ya kulisha na bili ya nyumba ya wageni inazidi kurefuka. Mwaka 1887 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika ukumbi wa Georges Petit, mshindani wa Durand-Ruel.

Kilichoachwa nje

Nitakuwa sijatenda haki nikimpamba tu. Étretat ya miaka ya 1880 haikuwa tena kijiji cha wavuvi peke yao. Ilikuwa na hoteli, kasino na watu wa Paris waliokuja kuoga na kuonekana. Mwanahistoria Robert L. Herbert, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu Monet na pwani ya Normandie, alionyesha kwamba mchoraji aliyafuta mambo hayo, akawauzia watu wa mjini bahari isiyo na watu wa mjini. Wateja wake walikuwa watalii, na picha zake ziliwapa kile ambacho utalii wenyewe ulikuwa unakiharibu.

Hoja hii ni nzito, na yule mwenzetu wa semina angeipenda. Lakini angalieni inavyofanya kazi. Herbert hakusema kwamba picha hazina maudhui kwa sababu hazina watu. Aliuliza watu wako wapi, nani amewatoa, na kwa faida ya nani. Kutokuwepo kwao ndiko kulikokuwa maudhui. Huo ni uhakiki. Kusema "hamna mtu, basi hamna kitu" ni kuhesabu vichwa tu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika picha za pwani za Monet mbinu ilizaliwa na mazingira ya kazi: maji kujaa na kupwa, mizigo, ujira wa mvuvi, barua za nyumbani, soko la Paris. Aidha nimekubali kwamba utulivu wa picha hizo una upande wake wa kuficha. Mambo yote mawili hayaonekani kwa kuitazama picha dakika mbili na kuipa alama.

Kwa hiyo nirudi kwenye lile shairi la bahari. Tulikaa nalo muda gani? Nadhani robo saa. Hatukuuliza mtunzi alikuwa nani pwani ile, mvuvi au mgeni, alisimama saa ngapi, maji yalikuwa wapi, na nani aliyekuwa hapo akaachwa nje ya beti. Inawezekana tungeuliza tukakuta kweli ni shairi tupu. Mashairi matupu yapo, tena mengi. Lakini hukumu ingekuwa imefanyiwa kazi. Mimi nimelitoa tena kwenye daftari na nimeanza upya. Wenzangu mnaoliona vingine, kalamu mnazo, na kurasa za jarida ni zetu sote.